Plamu kwa Shamba Dogo: Mti Mwembamba na Jirani Mwema

Katika vikundi vya sehemu za baridi kuna swali ambalo halikosi kuulizwa kila tukizungumza juu ya miti ya matunda. "Shamba langu ni dogo, nyumba iko hapo, ng'ombe yuko hapo, viazi viko hapo. Mti nitauweka wapi?" Ni swali la haki kabisa. Shamba liligawanywa wakati wa babu, likagawanywa tena wakati wa baba, na sasa kijana anaonyeshwa kipande cha futi 50 kwa futi 100 na kuambiwa, "Hili ndilo lako." Mtu kama huyo ukimwambia apande plamu kwa nafasi ya mita tano tano kama vitabu vinavyosema, atakucheka, na kwa kweli mwenye kosa ni wewe.

Katika somo hili tutaangalia jinsi ya kuulea mti wa plamu usimame wima kama nguzo, mwembamba, usiomeza shamba. Tutaeleza pia jambo moja ambalo watu wengi hawaambiwi siku ile wananunua miche: plamu nyingi hazizai vizuri zikiwa peke yake. Mwenye nafasi ya mti mmoja tu anamhitaji jirani. Kwa hivyo mambo haya ni ya kikundi zaidi kuliko ya mtu mmoja mmoja, na tungependa myasome mkiwa mmeketi pamoja.

HESABU YA KIVULI

Mti wa plamu ukiachwa ukue vile unavyopenda, matawi yake huweza kutanuka mita tano kutoka upande huu hadi ule. Ukipima hapo chini utapata kama mita 20 za mraba za kivuli. Viazi vilivyo chini ya kivuli hicho hurefuka shingo vikitafuta jua na havitii kitu chini. Lakini mti huo huo ukilelewa uwe na upana wa mita moja na robo tu, hufunika mita moja ya mraba na kidogo. Tofauti ya hapo ndiyo sukuma wiki ya watoto.

Tusidanganyane lakini. Mti mwembamba hauwezi kukupa matunda kama mti mpana. Mti mmoja wa namna hii ni wa vikapu, si wa magunia. Faida yake ni kwamba unaweza kuweka mitatu au minne kando ya ua, ukiacha mita moja na nusu au mbili kati ya mmoja na mwingine, na bado ukalima katikati ya shamba. Tena matunda yake unayafikia ukisimama juu ya kiti. Hakuna mtoto wa kupanda juu na kuvunjika mkono.

Na kuna jambo la kalenda. Katika milima yetu plamu nyingi huiva karibu na Krismasi na kuingia mwaka mpya. Wazazi wanajua Januari inakuja na nini. Vikapu vichache vya plamu havimalizi karo, lakini vinaweza kununua sare na madaftari bila kuuza mbuzi.

Huko Ulaya siku hizi kuna miche inayouzwa kwa jina la miti ya nguzo. Kwa upande wa matofaa, umbo hilo ni la kuzaliwa nalo. Lilianza na tawi moja la ajabu lililoonekana miaka ya 1960 juu ya mtofaa wa aina ya McIntosh katika jimbo la British Columbia, Kanada, na watafiti wa Uingereza wakalitumia kuzalisha aina nyingine. Plamu za nguzo nazo zinauzwa huko, lakini hata hizo hukatwa mara kwa mara ili zisitanuke. Kwa hivyo msikae mkingojea mche kutoka ng'ambo. Kinachofanya plamu iwe nyembamba hapa kwetu ni kisu, kucha za vidole na uvumilivu wa miaka mitatu.

JE, MAHALI PENU PANAFAA?

Plamu ni mti wa baridi. Unahitaji kipindi cha baridi ili macho yake yalale na kisha yaamke pamoja. Baridi ikikosa, macho huamka moja moja kama watu waliolala matangani, mengine yanachanua, mengine bado, na mti huzaa ovyo. Limuru, Lari, Kinangop, Molo na sehemu zingine zilizo juu ya mita 1,800 hivi zinafaa. Ukiwa Kitui, mama, panda embe uishi kwa amani.

Mkiwa mahali pa juu sana ambapo sakitu huanguka, msipande bondeni chini kabisa. Hewa baridi huteremka usiku kama maji na kukaa pale chini, na ua la plamu likipigwa na sakitu haliwi tunda. Pandeni mteremkoni. Udongo uwe ule ambao maji hayatuami. Mzizi wa plamu ukisimama ndani ya maji wiki kadhaa, mti unakufa, na hakuna dawa ya kuufufua.

Aina ambazo zimezoeleka katika nchi yetu ni zile zinazoitwa plamu za Kijapani. Asili yake hasa ni Uchina, zikaenda Japani, na kutoka huko zikafika Marekani. Mtu aliyezieneza sana ni Luther Burbank, aliyekuwa akiishi katika mji wa Santa Rosa, California. Mwaka wa 1906 alitoa aina aliyoipa jina la mji huo, na ndiyo hiyo Santa Rosa tunayoijua hadi leo, nyekundu iliyoiva kuelekea zambarau, tamu yenye uchachu kidogo karibu na kokwa. Methley nayo ilitoka Natal, Afrika Kusini. Ni ndogo, huiva mapema na haidai baridi kali. Kuna pia Satsuma, ambayo nyama yake ni nyekundu kama damu na inapendwa kwa jemu.

Kwa mti wa nguzo sisi tungechagua Santa Rosa kwanza. Yenyewe kwa asili hupenda kwenda juu, kwa hivyo kazi ya kuinyoosha ni ndogo.

PLAMU HUTAKA MWENZAKE

Hapa tafadhali tusome polepole, kwa maana ndipo pesa za watu wengi zimepotelea.

Ua la plamu haliwi tunda mpaka unga wake wa kiume umefika kwenye sehemu ya kike. Kazi hiyo inafanywa na nyuki. Lakini plamu nyingi za Kijapani hukataa unga wa mti wa aina yao wenyewe. Zinataka unga wa aina nyingine. Satsuma ni ya namna hiyo: ikiwa peke yake itachanua nyeupe pe, watu wapite barabarani wakiusifu mti, na mwisho wake upate matunda ya kuhesabu kwa vidole. Methley huweza kujizalia yenyewe. Santa Rosa pia hujizalia kwa kiasi, lakini hata hizo mbili huzaa zaidi zikiwa na mwenzi wa aina nyingine karibu.

Angalieni vizuri: miti miwili ya Satsuma si wenzi. Hata ukipanda kumi. Mti uliobebeshwa ni kama kipande cha mti ule ule wa kwanza, kwa hivyo Satsuma zote ni kama mti mmoja uliotawanywa mahali pengi. Mwenzi ni lazima awe wa jina lingine, na achanue wakati mmoja na wako. Pia zile plamu za Kizungu, ambazo ni za kabila lingine la plamu, haziwezi kuwa wenzi wa hizi za Kijapani.

Sasa mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 afanyeje? Ajue ya kwamba nyuki hawana habari na ua. Upana wa ploti yake ni kama mita 15. Mti wa jirani ukiwa umbali wa mita 15 au hata 30, nyuki atatoka huko na kuja hapa mara nyingi kwa siku. Basi tuseme kikundi kina nyumba kumi zilizofuatana kwenye barabara moja. Wa kwanza apande Santa Rosa, wa pili Methley, wa tatu Satsuma, wa nne Santa Rosa tena, na kuendelea. Kila mmoja ana mti mmoja, na kila mmoja ana mwenzi pande zote mbili, isipokuwa wa kwanza na wa mwisho ambao wana mwenzi upande mmoja. Bila mpango kama huo, kikundi kikinunua miche ya pamoja kwa bei nafuu, yote ya aina moja kwa sababu muuzaji alikuwa na hiyo tu, nyumba kumi zitakuwa na maua.

Wengine watauliza, je, kama jirani hataki? Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubebesha tawi moja la aina nyingine juu ya mti wako mwenyewe. Linatosha, bora usilisahau na kulikata siku ya kupogoa; lifunge kitambaa chekundu. Ya pili ni ya mwaka mmoja mmoja: wakati wa maua, omba matawi machache yenye maua kutoka kwa mti wa aina nyingine, yatie ndani ya ndoo ya maji na uiweke chini ya mti wako. Nyuki watafanya yaliyobaki. Ni njia ya zamani na inasaidia, lakini inakutaka ukumbuke kila mwaka.

Na maua yakiwa mtini, mtu asipige dawa ya wadudu. Sio wewe tu, hata jirani mwenye kabeji. Hilo ni jambo la kuzungumza mkutanoni kabla ya maua, si baada ya nyuki kufa.

KUNUNUA MCHE

Mche unaotoka kwa kokwa ya plamu iliyotupwa hautakuwa kama mama yake. Unaweza kungoja miaka mingi upate tunda dogo chachu ambalo hata ndege hawalitaki. Nunueni mche uliobebeshwa. Utauona kwa alama: juu kidogo ya udongo kuna mahali shina limepinda kama goti au lina kovu. Chini ya kovu ni shina la mti mwingine, mara nyingi mpichi, na juu ndiyo plamu yenyewe. Mche wa namna hiyo huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne.

Muulizeni muuzaji maswali mawili. Je, kitalu chako kimesajiliwa na kukaguliwa? Na, hii ni aina gani kwa jina? Akijibu "Ni plamu tu, plamu ni plamu," mshukuruni na mwende zenu. Bila jina hamwezi kupanga wenzi.

Kikundi chenye mtu anayejua kubebesha kinaweza kujitengenezea miche kwa gharama ndogo. Kokwa za pichi hupandwa kitaluni, na shina likifika unene wa penseli, jicho kutoka kwa plamu nzuri hupachikwa chini ya ganda na kufungwa kwa utepe wa plastiki. Jicho litolewe kwa mti ambao mmeuona ukizaa kwa macho yenu. Hatutaeleza hapa namna ya kukata, kwa sababu mkono haujifunzi kwa kusoma. Mwombeni afisa wa kilimo au mwenye kitalu aje awaonyeshe siku moja. Tunataka kusema neno juu ya majina tu. Karatasi huoza na kalamu hufutika mvua ya kwanza. Kata kipande cha mkebe, andika jina kwa kukwaruza na msumari, na ukifunge kwa waya uliolegea. Waya ukikaza, mti ukinenepa utajinyonga.

KUPANDA

Chimbeni shimo mwezi mmoja kabla ya mvua ya Machi, sentimita 60 kwenda chini na 60 kila upande. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine. Changanyeni ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huchoma mizizi. Mche usipandwe ndani zaidi ya vile ulivyokuwa kitaluni, na lile goti la kubebeshea lazima libaki juu ya udongo kama kiganja kimoja. Likifunikwa, plamu hutoa mizizi yake yenyewe, na shina la chini mlilolinunua linakuwa halina kazi tena.

Pigilieni kigingi kirefu na imara siku ile ile. Mti wa nguzo bila kigingi ni kama mtoto aliyeachwa atembee peke yake. Mufunge kwa kitambaa au kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, siyo kwa waya. Wekeni matandazo ya majani makavu kuuzunguka, lakini yasiguse shina. Katika miaka miwili ya kwanza, wakati wa kiangazi, debe moja la maji kwa wiki likimwagwa polepole linasaidia kuliko kikombe kila jioni.

Acheni nusu mita kuuzunguka bila kulima kwa jembe. Mzizi ukikatwa na jembe hutoa machipukizi kutoka chini, na hayo si plamu, ni ule mti wa chini unaotaka kurudi kutawala. Yang'oeni yakiwa bado laini.

Halafu kuna ua. Msipande mti kwenye mpaka wenyewe. Mita moja na nusu ndani ya shamba lako ni umbali wa kuelewana, ili jirani asije akasimama pale na kusema, "Mama, mti wako unaninyima jua," ukakosa jibu. Huyo ndiye mwenye mwenzi wa mti wako, kumbuka.

KISU NA KUCHA

Mche ukipandwa ni kama fimbo. Watu wengi wamefundishwa kukata kichwa chake kwa urefu wa goti au paja ili utoe matawi manne na kufunguka kama bakuli. Ni njia nzuri kwa mwenye eka tano. Sisi tunataka fimbo ya katikati iendelee kwenda juu. Kama mche umepita mita moja na hauna matawi ya pembeni, punguza ncha kidogo tu, juu ya jicho zuri, ili macho ya chini yaamke. Kisha chagua chipukizi moja la juu liwe kichwa na ulifunge kwenye kigingi. Likitokea lingine linaloshindana nalo, liondoe mapema. Vichwa viwili havikai katika mti mmoja: pale vinapoachana hufanya pembe nyembamba, na siku ya matunda mazito mti hupasuka katikati kama kuni.

Machipukizi ya pembeni ndiyo kazi yenyewe. Lolote likifika urefu wa futi moja, libakishe majani matano au sita, yaani kama sentimita 15, na uondoe ncha. Kama bado ni laini, tumia kucha. Baada ya muda litachipua tena kutoka kwenye ncha. Hilo jipya libakishe jani moja au mawili tu. Linalokwenda wima sana lifunge kwa uzi na kulivuta chini hadi lilale. Tawi lililosimama hukimbilia urefu, na tawi lililolala hufikiria matunda. Hiyo si hadithi, jaribuni matawi mawili kwenye mti mmoja mwone.

Kwa nini tunasema kucha? Kidonda kikubwa kikikatwa wakati wa mvua na ukungu huingiza magonjwa. Kuna uyoga fulani unaoingia kupitia vidonda, majani yakaanza kung'aa kama fedha, na tawi baada ya tawi likakauka. Kuna pia ugonjwa wa bakteria unaofanya ganda litoe utomvu mwingi na kuoza. Kwa hivyo kuchuna ncha laini kwa kucha unaweza wakati wowote usio wa mvua, lakini kazi ya kisu na makasi ifanyeni Januari na Februari, matunda yakishachumwa na jua likiwaka. Msikate Julai katika ile baridi ya manyunyu, hata kama ndipo mnapopata nafasi. Vyombo vya mkopo kutoka nyumba hadi nyumba viwe vikisafishwa kwa maji yenye jiki kabla ya kuingia mti mwingine.

Mwaka wa pili na wa tatu ni hayo hayo. Mti ukifika mita mbili na nusu, kata kichwa juu ya tawi dogo la pembeni lisilo na nguvu nyingi. Ukikata juu ya lenye nguvu, litageuka kichwa kipya na mtaanza upya.

Kufikia hapo mtaona kwenye shina na matawi vijitawi vifupi vifupi, urefu wa kidole au chini yake, vyenye macho manene yaliyosongamana. Asiyevijua huvikata akidhani ni uchafu. Hivyo ndivyo vinavyozaa, na kijitawi kimoja huzaa miaka kadhaa mahali pale pale. Hapa ndipo plamu inatofautiana na pichi. Pichi huzaa kwenye tawi lililoota mwaka uliopita, kwa hivyo mpichi ukiukata namna tuliyoeleza utakosa matunda. Msichanganye kazi hizi mbili.

Mwenye mti mzee uliokwisha kutanuka asikimbilie panga baada ya kusoma haya. Mti huo hautakuwa nguzo tena. Unaweza kupunguzwa, theluthi moja kwa mwaka, basi.

MATUNDA MENGI NI HASARA

Mwaka mzuri mti mwembamba utabeba kuliko unavyoweza. Matunda yakiwa ukubwa wa ncha ya kidole gumba, punguzeni, mkiacha nafasi ya kama sentimita nane kati ya tunda na tunda. Tunajua inauma. Wazee wengine watasema mnaharibu chakula. Lakini matunda mia madogo hayana mnunuzi, na tawi likivunjika umepoteza ya mwaka huu na ya miaka inayokuja.

Ndege watakuja kabla yenu. Kwa mti mpana hakuna la kufanya, lakini mti wa nguzo hufunikwa na kipande kimoja cha wavu, na kikundi kinaweza kununua nyavu chache na kuzizungusha kulingana na aina zinavyoiva. Methley ikiisha, wavu unahamia kwa Santa Rosa. Nzi wa matunda nao ni tatizo, hasa tangu yule nzi kutoka Asia aonekane Kenya mwaka wa 2003. Yeye hutaga mayai ndani ya tunda linaloanza kuiva. Kila jioni okoteni yaliyoanguka, yatieni kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa na kuuacha juani siku kadhaa, au yazikeni futi mbili chini. Nyumba moja ikiacha matunda yaoze chini ya mti, inawafugia nzi nyumba zote tisa.

Tahadhari moja kwa wenye mifugo. Matawi mliyokata msiwatupie mbuzi wala ng'ombe. Majani ya jamii ya plamu na pichi, hasa yakinyauka, yanaweza kuwa na sumu inayoua mnyama kwa muda mfupi. Kokwa nazo zisisagwe kuwa chakula cha kuku au watoto. Mtoto akimeza kokwa moja nzima haina neno. Ni ile mbegu ya ndani iliyovunjwa ndiyo mbaya.

KUCHUMA NA KUUZA

Plamu ya kupelekwa mbali ichumwe ikiwa imegeuka rangi lakini bado ni ngumu; itaendelea kulainika njiani. Ya kuuzwa kando ya barabara siku hiyo hiyo iachwe iive mtini, kwa maana utamu wa mtini hauongezeki ndani ya katoni. Chumeni asubuhi, na kijiti cha tunda, na mtumie vyombo visivyo na kina kirefu. Debe lililojaa plamu mbivu, zile za chini zinafika sokoni zikiwa uji.

Mtu mmoja mwenye kasuku tatu za plamu hana nguvu ya bei. Atauza kwa yule wa kwanza anayesimamisha gari. Nyumba kumi zikileta pamoja siku moja, mnaweza kutenganisha kubwa na ndogo, kubwa zikaenda sokoni na ndogo na zilizopondeka zikawa jemu siku ile ile. Anayetunza daftari aandike ya kila nyumba kando, kilo na aina, hata kama ni mke wa mwenyekiti.

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanachama apime shamba lake kwa hatua na kuchora kwenye karatasi: nyumba, choo, ua, mahali pa viazi, na upande jua linapotokea. Aweke alama ya mti mmoja au miwili tu. Kisha karatasi zote ziwekwe chini pamoja, zikifuatana kama nyumba zenyewe zilivyo, na mwandike juu ya kila alama jina la aina. Kama kuna jirani katikati ambaye si mwanachama, msimruke. Chagueni wawili wakamtembelee, na waende na tunda la kuonja kama ni msimu. Huenda tayari ana mti wa plamu nyuma ya nyumba. Muulizeni ni wa aina gani na huchanua mwezi gani, mwandike, kisha ndipo mwende kwa muuzaji wa miche.